Umebeba Magunia Mangapi?

Waswahili wamesema mpanda ngazi hushuka. Sikatai. Ila hawakutuambia kwamba siku nyingine kule kushuka ndiko kazi. Mimi nilikuja kulijua hilo asubuhi ya Jumatatu moja, saa kumi na mbili, nikiwa nimesimama kwenye choo chetu cha uani, Tandika, kopo la maji mkononi, nikikitazama kile choo cha kuchuchumaa kama mtu anayeutazama mto uliofurika. Kuingia nimeingia. Kuchuchumaa, ndugu msomaji, ndiko kulikonishinda. Mapaja yalikuwa yamekaza kama kamba ya ndoo kisimani. Nikishuka kidogo tu, mwili mzima unapiga yowe. Basi nikashika ukuta kwa mkono mmoja, nikashika bomba kwa mkono wa pili, nikamtaja Mungu, nikashuka. Jinsi nilivyoinuka, hiyo ni siri yangu na ukuta.

Nilipotoka nikamkuta mzee barazani, ameketi kwenye kigoda chake. Akanitazama ninavyotembea, miguu nimeipanua kama kijana aliyetoka jandoni jana.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza, uso mkavu kabisa:

"Umebeba magunia mangapi?"

Mama, aliyekuwa akikaanga maandazi, aliangua kicheko mpaka mwiko ukamponyoka. Nami nikacheka. Lakini swali lile halikutoka kichwani siku nzima, maana mzee wangu ni mtu wa magunia kweli. Hakuwa anatania tu.

Ngoja nianze mwanzo.

Kazi yangu mimi ni ya kukaa. Mchana nachapa barua za watu kwenye duka la steshenari. Usiku naandika hadithi zangu, ambazo nyingi bado hazijapata msomaji zaidi ya mimi mwenyewe. Sisi watu wa kalamu mnatujua: kiti, chai ya rangi, karanga za mia mbili, na kitambi kinachokuja kimyakimya kama mgeni asiyebisha hodi. Mshikaji wangu mmoja, baada ya kusoma hadithi yangu ya tatu, aliniambia, "Mwanangu, wahusika wako wote wanakimbizana na polisi, wewe mwenyewe hata daladala huikimbilii." Iliniuma. Wiki ileile nikajiandikisha kwenye klabu ya jogging ya mtaani.

Ambaye si wa huku kwetu Temeke labda hajui. Klabu hizi ziko tele. Alfajiri za mwisho wa wiki utawasikia kabla hujawaona: fulana za rangi moja, filimbi, na nyimbo za mchakamchaka zinazoamsha hata marehemu. Klabu yetu inaongozwa na mstaafu mmoja wa jeshi ambaye sote tunamwita Afande. Jumamosi yangu ya kwanza tulitoka Tandika mpaka karibu na Uwanja wa Mkapa, tukarudi. Nilihema kama mbwa wa mchana, lakini sikuwa wa mwisho. Nikajiona mwanaume.

Ndipo Afande akatupeleka kwenye kiwanja cha mpira akasema, "Sasa kichura! Goli mpaka goli, mara tatu!"

Kichura kila aliyesoma shule ya msingi anakijua, hasa wale wenzangu wa kuchelewa namba. Unachuchumaa, unaruka, unatua umechuchumaa, unaruka tena. Nilikuwa sijaruka kichura tangu darasa la sita. Nikaruka. Jumamosi mchana nilikuwa mzima, natembea kifua mbele, nawasimulia watu. Jumapili asubuhi nikasikia kitu kama ukakasi kwenye mapaja. Jumapili jioni ukakasi ukageuka maumivu. Jumatatu ndiyo hiyo niliyowasimulia, nilikiona kilichomtoa kanga manyoya.

Sasa ukiwa na maumivu uswahilini, huna haja ya kumtafuta tabibu. Tabibu wanakufuata. Mama alisema kanda kwa maji ya moto na chumvi. Jirani akaleta kichupa cha dawa ya kuchua inayonuka mpaka barabarani. Mshikaji wangu akasema hiyo ni asidi imejaa kwenye misuli, dawa yake kunywa maji ya ndimu. Mwingine akasema dawa ya moto ni moto, rudi kesho uruke kichura mara sita. Na kijana wa duka la dawa aliniuliza swali moja tu: "Unataka vya kawaida au vya nguvu?" Nikataka vya nguvu. Akanifungia vidonge kumi kwenye karatasi.

Nikaja navyo nyumbani, nikaomba maji. Mzee akanyoosha mkono. Nikadhani anataka kunisaidia kufungua. Akavitazama vile vidonge, akavigeuza, kisha akainuka polepole, akashika kiuno, akaenda navyo chooni. Nikamsikia akimwaga maji.

Aliporudi alisema, "Hivyo nimevila miaka ishirini na zaidi. Wewe hutavila kwa ajili ya kuruka kichura."

Hakuna aliyecheka safari hii.

Baba alianza kubeba mizigo Kariakoo mwaka 1984. Jina la pale penyewe ni la mizigo. Kariakoo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo na jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, 1914 mpaka 1918. Wenzetu wa Nairobi nao wana Kariokor yao, jina ni lilelile. Kwa hiyo mzee wangu alikwenda kubeba mizigo mahali palipoitwa kwa jina la wabeba mizigo. Viazi vya Mbeya, kabichi za Lushoto, machungwa ya Muheza, vyote vimepita begani kwake kutoka kwenye lori mpaka sokoni. Na gunia la viazi halikuwa gunia. Lilikuwa lumbesa, gunia lililojazwa likafika mdomoni, halafu likashonewa kilemba cha kamba juu. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwanaume mzima asibebe kwa mikono zaidi ya kilo 55. Lumbesa lilivuka kilo 100 mchana kweupe. Nilipomsomea mzee habari hiyo ya kilo 55 aliuliza, "Hiyo ni ya asubuhi peke yake?"

Nikiwa mdogo nilikuwa na kazi yangu ya jioni. Baba akirudi analala kifudifudi kwenye mkeka, ananiita, nampanda mgongoni. Natembea kwa miguu mitupu kutoka kiunoni mpaka mabegani, narudi, huku nimeshika ukuta nisianguke. "Hapo. Hapohapo. Simama." Nami nasimama, najiona mkubwa, baba mzima yuko chini ya nyayo zangu. Kwangu mimi ulikuwa mchezo. Sikujua kwamba ile ndiyo hospitali yake.

Hospitali ya pili ilikuwa vidonge. Viwili asubuhi na chai, viwili jioni kama lori zilikuwa nyingi. Wenzake wote walikula hivyohivyo, kama watu wanavyokula karanga. Mwaka 2018 miguu ikaanza kuvimba, akawa anaamka uso umejaa. Walipompima wakakuta figo zimechoka. Daktari akatueleza kwa upole: presha aliyokuwa nayo bila kujua, na zile dawa za maumivu za kila siku, vilisaidiana. Dawa za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki hutuliza maumivu kweli, lakini hupunguza damu inayokwenda kwenye figo, na tumboni zinaweza kuchimba vidonda. Mtu anayetoka jasho kutwa bila kunywa maji ya kutosha ndiye anayeumia zaidi. Mzee wangu alikuwa mtu wa namna hiyo hasa. Tunashukuru hajafika kwenye mashine ya kusafisha damu. Ila maumivu ya mgongo anayo mpaka leo, na vile vidonge vyake amekatazwa kabisa. Ameachiwa parasetamoli, nayo kwa kipimo.

Basi ndugu msomaji, utaona kwa nini lile swali la magunia lilinikaa. Mimi nimelipa ada ya klabu ili niumie. Yeye alilipwa kwa kuumia.

Pale dukani wateja wakipungua, nikaanza kusoma habari za maumivu haya. Nikakuta mengi tunayoambiana vijiweni si kweli. Hiyo asidi ya mshikaji wangu, asidi ya laktiki, ipo, mwili huitengeneza ukikimbia kwa nguvu. Lakini saa moja hivi baada ya kupumzika inakuwa imeshaondoka. Haiwezi kusubiri mpaka Jumatatu ndiyo ikupige. Maumivu ya siku ya pili na ya tatu yana sababu nyingine. Mmarekani Theodore Hough aliyaandika mwaka 1902, baada ya kuwachosha watu vidole kwa mashine: alisema ndani ya msuli kuna kuchanika kudogokudogo. Wataalamu waliokuja baadaye wameongeza mengi, lakini kimsingi wako upande wake. Nyuzi za msuli zisizozoea kazi huumia kidogo, mwili unapeleka mafundi wake kukarabati, mahali pale panavimba kwa ndani, na mishipa ya fahamu inakuwa na hasira. Shughuli hiyo huchukua muda. Ndiyo maana maumivu huanza baada ya saa 12 mpaka 24, yakapanda kileleni kati ya siku ya kwanza na ya tatu, na ndani ya wiki yakaisha.

Na kuna jambo jingine lililonifurahisha. Msuli hauumii sana ukivuta mzigo kwa kujikunja. Unaumia zaidi ukiwa unauzuia mzigo huku wenyewe unarefuka. Kutua kwenye kichura. Kushuka ngazi. Kuteremka mlima. Kuutua mzigo chini taratibu. Yaani kushuka, si kupanda! Juma Ikangaa wetu alikuwa wa pili kwenye marathoni ya Boston miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Ule mwaka wa kwanza Ibrahim Hussein wa Kenya alimwacha kwa sekunde moja tu. Njia ya Boston huanzia juu, Hopkinton, inateremka kilomita nyingi za mwanzo, ndipo inakuletea vilima vya Newton. Mtu anafika kwenye vilima mapaja yameshapigwa na mteremko uliokuwa unaonekana wa dezo. Ikangaa yule alikwenda New York mwaka huohuo wa 1989, akashinda kwa saa 2 dakika 8 na sekunde 1. Mimi kwa kichura goli mpaka goli nikashindwa kwenda chooni. Kila mtu na Boston yake.

Sasa dawa. Nimejaribu zote, nimezisoma zote, na nawapa hesabu yangu bila kificho.

Maji ya moto ya mama yanaliwaza. Hayaharakishi uponaji sana, lakini yanalegeza, unalala. Na usingizi ni dawa ya kweli, maana mafundi wa mwilini hufanya kazi vizuri umelala. Maji ya barafu, wanayokaa wachezaji wakubwa, nayo hupunguza maumivu kiasi. Mimi barafu ya kununua kwa jirani nzima nzima siiwezi, nikaacha.

Dawa ya kuchua haiingii ndani kama tunavyodhani. Ile baridi na ule moto unaousikia uko kwenye ngozi. Inazidanganya fahamu, zinashughulika na huo moto, zinasahau paja. Si dhambi kudanganywa hivyo mradi unajua.

Kunyoosha viungo kabla au baada ya mazoezi, ambako Afande alituapia kwamba ndiyo kinga, uchunguzi uliokusanywa umeonyesha kwamba hakupunguzi maumivu ya kesho ila kidogo mno. Nyoosha ukipenda. Usitegemee muujiza.

Kukandwa na mikono ya mtu, hiyo ndiyo iliyo mbele ya nyingi. Si kwa kubinywa mpaka utoe machozi. Kwa mafuta, polepole, kuelekea juu, dakika kumi au kumi na tano kila upande. Maumivu hupungua, ingawa nguvu zenyewe zitarudi kwa wakati wake.

Halafu kutembea. Hii ndiyo iliyonishangaza. Siku unayoona huwezi kuinuka ndiyo siku ya kuinuka, si kwa kichura, kwa mwendo wa kwenda dukani na kurudi. Dakika kumi za mwanzo ni mateso. Baadaye damu inapita, unajiona mtu. Kula nako kusisahauliwe: maharage, mayai, dagaa, chochote cha kujenga mwili, na maji.

Ila naomba hapa tuache utani. Kama baada ya mazoezi makali mkojo unatoka mweusi kama chai ya rangi, au msuli umevimba sana, au mkono au mguu hauna nguvu kabisa, usikandwe, usinywe kidonge, nenda hospitali siku hiyohiyo. Hapo msuli umevunjika kupita kiasi, na uchafu wake unaenda kuziumiza figo. Kwetu nyumbani neno figo halihitaji tafsiri.

Jumanne jioni nilimuuliza mzee kitu ambacho sijawahi kumuuliza maisha yangu yote. Siku ya kwanza ya magunia, uliumia?

Akacheka. Akasema siku ya tatu, mwaka ule wa 1984, alishindwa kushuka kwenye lori. Kupanda alipanda. Kushuka akakaa juu anatazama chini, watu wanamzomea. Alikuwapo mpagazi mmoja wa zamani, mtu wa Kilwa, akamshusha kwa kumshika mkono kama bibi harusi. Usiku akamkanda kwa mafuta ya nazi, akamwambia kesho uje, lakini ubebe nusu. Keshokutwa nusu. Wiki ijayo utaona. Na kweli, wiki iliyofuata hakuumia tena.

Nikabaki mdomo wazi. Vitabu vinasema hivyohivyo. Msuli ukishaumia mara moja ukapona, mara ya pili kazi ileile haiuumizi kama mwanzo, na kinga hiyo hukaa wiki kadhaa. Kinachotakiwa ni kuanza kidogo na kupanda taratibu. Yule mtu wa Kilwa alikuwa hajasoma popote.

"Sasa hayo mengine ya mgongo?" nikauliza.

Mzee akakaa kimya, anazungusha kikombe. Kisha akasema, "Yale ya wiki ya kwanza yalikuwa mgeni. Yalikaa siku zake, yakaaga. Haya ya baadaye yalihamia na godoro lao. Tena mimi ndiye niliyeyafungulia mlango, kwa sababu siku ya kupumzika sikuwa nayo. Ningepumzika, ningekulisha nini?"

Hakusema kwa kunilaumu. Alisema kama mtu anayetaja bei. Nami sikuwa na jibu. Msuli hujengeka wakati wa kupumzika. Uti wa mgongo na magoti ndivyo visivyoweza kuvumilia kilo 100 kila siku kwa miaka thelathini na nne, hata msuli uwe chuma. Mimi nina Jumapili yangu, Jumatatu yangu, Jumanne yangu ya kujikongoja na kusimulia watu. Yeye Jumatatu ilimkuta chini ya gunia. Julai 2021 soko lile lilipoungua, alikaa mbele ya televisheni usiku kucha. Mama akamwambia lala, si mali yako. Akajibu, "Jasho langu lote liko mle."

Jumamosi iliyofuata nilirudi uwanjani. Nikamwambia Afande, shikamoo, leo naruka nusu. Akanitolea macho. Nikaruka nusu, nikarudi nyumbani, na Jumatatu nikachuchumaa kama mtu na akili zake.

Jioni ile ya Jumamosi mzee alikuwa amelala kwenye mkeka, kifudifudi, kama zamani. Akauliza kama naweza kumpanda. Nina kilo 82 sasa, ningemvunja. Nikapiga magoti pembeni yake, nikachukua mafuta ya nazi ya mama, nikaanza kiunoni. Nilipofika begani la kulia vidole vikagonga kitu kigumu kama kisogo cha kobe. Ni sugu ya magunia. Nilikuwa nikiikanyaga utotoni kila jioni bila kujua ni nini.

"Hapo," mzee akasema. "Hapohapo. Taratibu."

Basi nawe kijana mwenzangu, ukianza mazoezi na ukaamka siku ya tatu huwezi kushuka ngazi, usiogope na usikimbilie vidonge. Ni mgeni huyo, ataaga. Tembea, kandwa, kula, lala, na safari ijayo anza na nusu. Halafu siku hiyohiyo unayojikongoja, kama mzee wako yupo hai, kaa naye barazani, muulize yeye alibeba magunia mangapi.